Usukani Uliorudi Majini

Neno usukani limetoka baharini. Watu wa pwani walilipata kwa Waarabu, ambao husema sukkān, na kwa karne nyingi lilimaanisha kitu kimoja tu: ule ubao unaoning'inia nyuma ya chombo, unaokata maji kwenda huku au kule. Mshika usukani hakuugusa ubao wenyewe. Alishika kana, ule mti uliopachikwa kichwani mwake. Magari yalipokuja hatukuhangaika kutafuta neno jipya. Aliyekaa mbele ya lile duara naye tukasema kashika usukani, na Waarabu wa Kuwait na Iraki wakalifanyia neno lao vivyo hivyo. Leo mtoto wa Dodoma ambaye hajawahi kuiona bahari anajua usukani ni nini, ila ukimwonyesha ule wa jahazi atakuuliza mbona hauna duara.

Nimeanza na neno kwa sababu kuna kitu kilichofanya safari hiyohiyo, kutoka majini hadi barabarani, kisha kikarudi majini. Nacho ni gurudumu la kuendeshea boti za skii za Kimarekani, zile fupi, za mwendo kasi, zinazomvuta mtu aliyesimama juu ya mbao mbili. Zilizobaki za miaka ya 1950 hadi 1970 sasa zinatunzwa kama vito, na wenye kuzitunza wana ugomvi wao usiokwisha: gurudumu likipasuka, ulitengeneze au ununue jingine? (Ili tusichanganyikiwe, hapa chini duara nitaliita gurudumu, na ubao wa majini nitauita usukani.)

Gurudumu lenyewe si la kale sana. Meli kubwa za Ulaya zilianza kulitumia mwanzoni mwa karne ya 18, likivuta kamba zilizozungushiwa pipa la mbao hadi kwenye kana iliyofichwa chini ya sitaha. Kana ilibaki palepale. Gurudumu lilikuwa njia tu ya kuifikia. Na kana ina tabia yake: ukiisukuma kulia, chombo kinakwenda kushoto. Amri za mabaharia wa Kiingereza ziliendelea kutolewa kwa hesabu ya kana miaka mingi baada ya watu kuacha kuigusa kwa mikono. Ndiyo maana usiku ule wa Aprili 1912, Titanic ilipokaribia mwamba wa barafu, amri iliyotolewa ilitaja upande wa kulia, na mshika gurudumu akazungusha kushoto, sawasawa kabisa na alivyofundishwa. Uingereza iliacha utaratibu huo mwaka 1933. Fikiria: dunia ina ndege na redio, na baharia bado anaongea na kana isiyoonekana.

Gari nalo lilianza na kana. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 liliongozwa kwa mkono mdogo wa chuma, bila gurudumu lolote. Mwaka 1894, katika mashindano ya kutoka Paris hadi Rouen, Alfred Vacheron alifunga gurudumu kwenye Panhard yake, na miaka michache baadaye karibu kila mtu akamfuata. Meli ikawa imelikopesha gari.

Deni lilirudishwa kwenye maziwa ya Marekani. Miaka ya 1920 Chris Smith na wanawe, pale Algonac, Michigan, walikuwa wakiunda boti za mahogani zilizouzwa kwa watu wale wale waliokuwa wakinunua magari. Mteja alitaka kukaa kama anavyokaa garini: kiti cha ngozi, kioo mbele, mita za mviringo, na gurudumu jembamba lenye spoku za chuma. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1922, kijana wa miaka 18 aitwaye Ralph Samuelson alikuwa kwenye Ziwa Pepin, Minnesota, akijaribu kusimama juu ya maji huku ndugu yake Ben akimvuta kwa boti. Alijaribu mbao za mapipa, akajaribu skii za theluji, zote zikamzamisha. Mwisho alichukua mbao mbili ndefu za msonobari, akazichemsha ncha kwenye chombo cha mama yake cha kuchemshia nguo, akazikunja zikatazama juu. Zikamshika. Mchezo ukaanzia hapo, ingawa boti yake maalumu ilichelewa. Mwaka 1961 kampuni ya Correct Craft ya Florida ilitoa Ski Nautique, boti ya faiba iliyobuniwa na Leo Bentz, mwenye shule ya skii huko Miami. Injini za boti za aina hii zilikuwa V8 za magari, za Ford au Chevrolet, zilizorekebishwa kwa kazi ya majini. Gurudumu nalo lilikuwa la sura ya gari.

Sasa, kwa nini gurudumu liwe jambo kubwa kwenye boti hii kuliko nyingine? Kwa sababu ya kazi yake. Katika slalomu mchezaji anazunguka maboya sita katika njia yenye urefu wa mita 259, na boti inapaswa kupita katikati, imenyooka kama uzi, kwa kasi inayofika kilomita 58 kwa saa. Kila mchezaji anapokata kona, kamba inavuta boti upande wake. Propela nayo, kwa kuzunguka upande mmoja, ina yake ya kuivuta boti kando. Dereva anajibu yote hayo kwa mkono mmoja, kidogo kidogo, kabla hata jicho halijaona. Mkono wa pili uko kwenye akseleta. Mchezaji akianguka dereva anageuza mara moja kumrudia, na hapo huona dharau ya boti hizi: ukirudi nyuma hazisikii usukani kabisa, zinakwenda zinakotaka.

Magurudumu ya kwanza yalipasuka kwa sababu inayoeleweka. Mwaka 1929 kiwanda cha Eastman huko Kingsport, Tennessee, kilianza kutoa plastiki iitwayo Tenite, iliyotokana na selulosi, yaani unyuzi wa pamba na miti. Ilifinyangika vizuri, iling'aa, ilikubali rangi, na viwanda vya magari viliipenda kwa magurudumu. Plastiki za ukoo huo zilimwagwa juu ya mfupa wa chuma. Lakini plastiki huzeeka. Jua linaichoma, vile vimiminika vinavyoifanya iwe laini vinavukiza taratibu, nayo inasinyaa. Chuma hakisinyai. Kitu kinachopungua kikibana kitu kisichopungua, lazima kiachane mahali, na mara nyingi huachana pale spoku zinapokutana na duara. Boti iliyokaa miaka 30 juani inaweza kuwa na nyufa za kuingia ukucha.

Kulitoa gurudumu ndiko kunakoharibu mengi. Limekaa kwenye mhimili uliochongwa kama koni, na kipande kidogo cha chuma kimelala kwenye mfereji ili lisizunguke bure. Koni hushika kama imegandishwa. Mwenye haraka huchukua nyundo, na nyundo hupinda mhimili au huvunja kitovu. Anayejua hulegeza nati bila kuitoa, akaacha nyuzi chache zimeshika, kisha akavuta kwa kifaa cha kuvutia. Siku gurudumu likiachia ghafla, ile nati ndiyo inayookoa meno yake.

Kuziba nyufa ni kazi ya subira tu. Ufa unapanuliwa kwanza, unachongwa kwa umbo la V mpaka kwenye plastiki nzima, jambo linalomtisha kila anayelifanya mara ya kwanza. Kutu ya ndani inasafishwa. Epoksi ya sehemu mbili inajazwa kupita kiasi, inaachwa ikauke hadi kesho yake, kisha tupa, kisha msasa mkali, kisha msasa laini, praima, msasa tena, rangi. Upande wa chini, zile mbonyeo za vidole, ndiko utamjua fundi: mvivu huzipaka epoksi zikawa tambarare, na ukishika unahisi kabisa kuwa kuna kitu kimepotea. Magurudumu yanayopenyeza mwanga hayakubali dawa hii, maana rangi ingeufunika mwanga wenyewe. Hayo hupelekwa kwa wenye kalibu, wakayavua plastiki yote na kumwaga mpya juu ya mfupa uleule.

Je, hilo bado ni gurudumu lile? Chama cha Marekani cha wapenzi wa boti za kale, Antique and Classic Boat Society, hutofautisha boti iliyohifadhiwa na iliyokarabatiwa. Ili ihesabiwe kuwa imehifadhiwa, angalau 60% ya sitaha na sehemu za ubavu zilizo juu ya maji ziwe za asili. Ni kipimo cha busara, ila kinapima mbao. Hakuna asilimia ya gurudumu. Hapo kila mwenye boti anabaki na dhamiri yake, na mimi nadhani mfupa ukiwa mzima, gurudumu litengenezwe. Jipya linaingia bila taabu kwa kuwa mhimili wenye koni umekuwa na kipimo cha kawaida, robo tatu ya inchi, kwa miaka mingi. Wepesi huo ndio unaoponza. Watu hununua la inchi 13 kwa sababu linapendeza, wakatoa la inchi 17, halafu wanashangaa mkono unachoka. Duara dogo lina nguvu ndogo ya kukaza. Hesabu hiyo anaijua kila aliyewahi kufungua bolti kwa spana fupi.

Lakini mfupa ukiwa umeliwa na kutu, au kitovu kimepata ufa, sina huruma nacho. Kitundike ukutani. Na kebo inayotoka kwenye gurudumu kwenda kwenye usukani, hiyo isiulizwe asili yake hata kidogo. Kutu huanzia ndani ya ala yake mahali pasipoonekana. Inakuwa nzito, mwenye boti analaumu gurudumu, anaendelea kulipaka rangi. Siku kebo ikikatika kwa kilomita 50 kwa saa, boti inajizungukia yenyewe, na nyuma kuna mtu kwenye kamba. Nimeona picha nyingi za boti zilizokarabatiwa kwa fahari, kila spoku inang'aa, na maelezo yake hayasemi neno juu ya kebo.

Kitu kimoja ningewaomba mafundi wakiache. Gurudumu la boti ya skii haliliwi sawasawa kulizunguka. Mkono mmoja uko kwenye akseleta saa zote, mwingine umeshika palepale, kilomita kwa kilomita, boti imenyooka. Kwa hiyo ukiligeuzageuza kwenye mwanga utaona pameng'aa na pamepungua mahali pamoja, upana wa kiganja, vishimo vya vidole vimekaribia kufutika. Kwenye meza ya fundi hapo panaonekana kama kasoro, na epoksi iko karibu. Asipopagusa, kitovu kitarudi kwenye mfereji wake kwa namna moja tu, usukani utanyooshwa kabla kebo haijakazwa, na boti ikitoka kwenye gati ikiwa imenyooka, kile kiganja kitakuwa kimekaa upande wake wa siku zote.