Mshahara Uliokuwa Mbegu: Somo la Historia ya Butembo na Beni



Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yezu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Kabla ya kuweka jiwe la kwanza, yampasa aketi na kuhesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa na wapita njia. Mfano huo unahusu kwanza gharama ya kumfuata Kristu. Lakini Yezu aliuchota katika maisha ya watu wanaohesabu. Tunaurudia leo kwa sababu wengi kati yenu mnajiuliza ni lini inafaa kuacha kazi ya mshahara na kujitegemea. Historia ya nchi yetu ina jambo la kutuambia.

Butembo yenyewe ilizaliwa na mshahara. Katika miaka ya 1920, kampuni ya madini iliyoitwa Minière des Grands Lacs ilijenga hapa kambi ya wafanyakazi wake. Upande wa Lubero, walowezi wa Kizungu walihitaji watu wa mashamba. Mapadri Waasumpsioni, waliofika mwaka wa 1929, walifungua shule zilizotoa walimu na makarani. Babu zetu walikuwa wakulima, na tangu zamani walibadilishana mazao kwa chumvi ya Katwe, ng'ambo ya mto Semuliki. Sasa walijua pia pesa za mwisho wa mwezi. Hata hivyo, maduka makubwa yalikuwa mikononi mwa wageni.

Je, mtu wa mshahara alitokaje hapo hadi kuwa na duka lake? Kwa kawaida hakutoka kwa siku moja. Milima yetu ilizaa maharagwe, viazi, vitunguu na kabichi, na mji wa Kisangani, ulioitwa Stanleyville wakati ule, ulihitaji chakula. Mwenye mshahara aliweza kununua magunia machache na kuyatuma pamoja na mizigo ya wengine, huku mke wake akiendelea na shamba na kuuza sokoni. Faida haikuliwa, ilirudi kuwa magunia mengine. Lori lilikuja baadaye, na kwa wengi halikuja kamwe. Kumbe mshahara haukuwa adui wa biashara. Ulikuwa mbegu yake. Wakati wa kuacha kazi ulikuwa umefika pale biashara ilipokwisha kuonyesha kwamba inaweza kulisha nyumba.

Historia inatuonyesha pia njia iliyo kinyume. Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara nyingi za wageni zingepewa wananchi. Hivyo watu waliamka wakiwa na duka lililojaa bidhaa bila kulitolea jasho. Katika sehemu nyingi za nchi, waliopewa waliuza kila kitu kilichokuwamo, wakadhani pesa zote zilizoingia ni faida, wakazitumia. Mali ilipokwisha, hapakuwa na kitu cha kununulia nyingine. Mwaka wa 1976 serikali ilianza kuwarudishia wenye mali wa zamani. Mtaji uliokosa mwenye kuzoea kuhesabu uliteketea ndani ya miezi michache. Kwa hiyo kujitayarisha kwa fedha si kukusanya pesa tu. Ni kujifunza kutenga pesa za mtaji, pesa za faida na pesa za sufuria.

Lakini hata akiba yenyewe ina hatari zake. Mwezi wa Desemba 1979, serikali ilifuta noti za zaire 5 na zaire 10, ikaweka kikomo cha kiasi ambacho mtu aliweza kubadilisha. Mwaka wa 1993, zaire 3,000,000 za zamani zilifanywa zaire mpya 1. Mwaka wa 1998, zaire mpya 100,000 zilifanywa faranga 1. Hesabuni wenyewe: faranga moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani miliari 300. Aliyeficha noti chini ya kitanda kwa miaka hiyo yote alibaki na karatasi. Ndiyo maana wengi wa wazee wetu waliweka akiba katika vitu: mbuzi, kahawa, kiwanja, mabati. Nao ukosefu wa usalama umetufundisha kutoweka kila kitu mahali pamoja. Tangu mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 katika eneo la Beni, wengi wamelazimika kuyaacha mashamba ya kakao waliyoyatunza kwa miaka.

Hatutaki kuipamba historia yetu. Si kila mtaji wa Butembo ulitoka katika jasho safi. Sehemu yake ilipita mpakani kwa magendo ya kahawa na dhahabu. Lakini kuna urithi mwingine, ule wa kuaminiana. Likirimba ilimpa mtu mtaji ambao benki isingempa, kwa sababu wenzake walijua neno lake. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo letu tangu mwaka wa 1966 hadi 1997, alitaka wakristu wajijenge kwa mikono yao wenyewe. Université Catholique du Graben, iliyoanzishwa mwaka wa 1989, ni ushuhuda wa kazi hiyo.

Sisi wenyewe tumeona jambo hili karibuni. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika mkoa wetu tarehe 1 Agosti 2018. Ulichukua maisha ya watu zaidi ya 2,200, nasi tunaendelea kuwaombea. Vijana wengi walipata kazi katika mapambano hayo, kwa malipo ambayo hawakuwa wameyazoea. Tarehe 25 Juni 2020 mwisho wa ugonjwa ulitangazwa, na malipo yakaisha pamoja nao. Aliyekuwa amepanda mbegu wakati wa mshahara alikuwa na pa kuanzia. Aliyekula yote alianza upya mikono mitupu.

Basi, kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, tunawaalika mjibu maswali manne kwa kalamu na karatasi. Nyumba yangu inatumia kiasi gani kwa mwezi, pamoja na karo, dawa na sadaka, na akiba yangu inaweza kuibeba miezi mingapi bila mshahara? Je, biashara hii nimeijaribu kwa kiasi kidogo nikiwa bado kazini, bila kuiba saa za mwajiri? Nina madeni gani, na ya nani? Na ni nani watakaosimama nami nikianguka? Wenye ndoa wajibu pamoja, kwa maana njaa ya mmoja huingia nyumbani mwa wote wawili.

Asiye na jibu bado asione haya kubaki kazini mwaka mwingine. Haba na haba hujaza kibaba, na mwaka wa kujitayarisha si mwaka uliopotea. Naye aliyekwisha kuhesabu, aanze kwa sala na kwa ujasiri. Msingi wake una mawe ya kutosha.