Karatasi ya kwanza ya FBP usiitupe: damu inavyotabiri mwenendo wa kansa ya damu

Wadau, mkazi wa Jangwani au mfanyabiashara wa Kariakoo akijisikia homa na mwili kuchoka, mara nyingi anaambiwa apime malaria na FBP, yaani picha kamili ya damu. Akishapewa dawa, karatasi ya majibu inaishia kufungia vitumbua. Sasa ikija kugundulika ni kansa ya damu, karatasi ile ilikuwa mali. Tuone kwa nini.

KUTABIRI SIYO RAMLI
Madaktari walichukua majibu ya damu ya wagonjwa wengi kabla hawajaanza tiba, wakayalinganisha na yaliyowapata baadaye. Ndipo wakapata alama za kuwagawa wagonjwa: hatari ndogo, ya kati na kubwa. Kundi lako linamsaidia daktari kuchagua dawa na kujua akufuatilie kwa ukaribu kiasi gani.

MIFANO
1. Lukemia sugu ya mieloidi (CML). Hesabu ya Sokal ya mwaka 1984 inataka vitu vinne tu: umri, ukubwa wa bandama, idadi ya chembe sahani, na asilimia ya chembe changa kwenye damu. Bandama daktari anaipapasa chini ya mbavu na kuipima kwa sentimita. Chembe sahani zipo kwenye FBP, na chembe changa zinahesabiwa kwa darubini. Hesabu mpya ya mwaka 2016 inatumia vitu vilevile vinne.

2. Limfoma ya Hodgkin. Mwaka 1998 zilitangazwa alama saba, na nne kati ya hizo zinatoka kwenye damu: hemoglobini chini ya 10.5, albumini chini ya 4, chembe nyeupe kuanzia 15,000, na limfosaiti kupungua sana. Wasio na alama hata moja, 84 kati ya 100 walimaliza miaka 5 bila ugonjwa kusonga mbele. Wenye alama 5 au zaidi walikuwa 42. Kwa hiyo hata kundi la mwisho siyo hukumu ya kifo.

3. Limfoma ya Burkitt, ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala. Hapa wanaangalia LDH, kimeng'enya kinachomwagika kwenye damu chembe zikifa kwa wingi. Kwa watu wazima, LDH ikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida ni alama mbaya.

TAHADHARI ZA KWETU
Namba hizi nyingi zimetokana na wagonjwa wa Ulaya na Marekani. Huku kwetu malaria na kichocho navyo vinavimbisha bandama, minyoo inashusha hemoglobini, lishe duni inashusha albumini, na selimundu inapandisha LDH. Hata sampuli ikikaa muda mrefu kabla ya kupimwa, LDH inaweza kupanda bure. Ndiyo maana namba moja peke yake haitoshi.

Kubwa zaidi: hesabu ya Sokal inatakiwa ifanywe kabla ya dawa yoyote ya kansa. Ukishameza haidroksiyurea, chembe zinashuka na bandama inanywea. Ukiongezewa damu, hemoglobini inapanda. Hapo namba za mwanzo zimeshapotea, labda uwe na ile karatasi.

UFANYE NINI?
Tunza majibu yote, hata ya zahanati ya mtaani. Andika tarehe, na kama ulikuwa umeshapewa dawa au damu. Homa, upungufu wa damu au tezi zisipoisha baada ya tiba, usirudie dawa za malaria bila kipimo, omba rufaa. Ukifika Muhimbili au Ocean Road nenda nazo. FBP haithibitishi kansa. Uthibitisho unatoka kwenye uboho, kinyama cha tezi au kipimo cha jeni. Ila ndiyo inayoonyesha ulianzia wapi.

Mwenye swali au uzoefu atupie hapo chini, ila majina ya wagonjwa tusiyataje.