UGHALI WA MAISHA MOMBASA: SOMO LA MGOMO WA 1947



Sisi tunaoishi bara, hapa Uganda, tumezoea jibu moja kutoka kwa wenye maduka. Ukiuliza kwa nini mafuta ya kupikia au sabuni imepanda bei, utaambiwa, "Mombasa kumepanda." Vijana wetu wa madrasa hulisikia neno hilo kila mara, lakini wengi hawajui kwamba huko Mombasa kwenyewe watu waliwahi kulemewa na bei mpaka wakasimamisha kazi mji mzima. Leo tumeona tuwasimulie habari hiyo, kwani inahusu kila nyumba yenye baba, mama na watoto.

BANDARI NA RELI

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Pamba na kahawa ya Uganda ilishuka kwa reli hiyo hadi bandari ya Kilindini, ambako gati za kwanza za maji ya kina kirefu zilifunguliwa mwaka 1926. Kwa hiyo mkate wetu wa bara umefungamana na mgongo wa mchukuzi wa Mombasa kwa muda mrefu.

Wachukuzi hao walikuwa Wamijikenda, Wakamba, Waluo, Waluhya, Wakikuyu, Waswahili na Waarabu wa Hadhramaut. Wengi walikuwa vibarua wa kutwa. Neno lenyewe linaeleza hali yao: kibarua ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku moja. Meli ikija kuna kazi, isipokuja hakuna. Lakini tumbo halingoji meli, wala kodi ya nyumba haingoji.

CHUMBA CHA MAJENGO

Watu hawa walilala wapi? Wengi walipanga vyumba katika mitaa kama Majengo, katika nyumba za Kiswahili ambazo wengi wetu tunazijua: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja na vingine hupangisha. Wenye nyumba wengi walikuwa Waislamu wenzetu, na miongoni mwao walikuwemo akina mama wengi.

Sisi wenyewe tulipokuwa wanafunzi Mombasa, mwishoni mwa miaka ya 1990, tulipanga chumba cha namna hiyo watu wanne. Bibi mwenye nyumba alikaa chumba cha mbele, na kila mwezi ulipoandama alitungojea barazani. Tulimnung'unikia tukimwona mkali. Baadaye ndipo tulipofahamu kuwa nyumba ilikuwa yake lakini ardhi haikuwa yake. Naye alikuwa na mtu wa kumlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Hizo ndizo nyumba bila ardhi, jambo la zamani sana Mombasa. Mpangaji anabanwa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba anabanwa na mwenye kiwanja.

Si ajabu basi kwamba Julai na Agosti 1939, wafanyakazi wa Mombasa walipogoma kundi baada ya kundi, dai lao kubwa lilikuwa nyumba. Tume ya uchunguzi ikaundwa, na kabla mambo hayajatengenea, vita vikuu vikaanza.

VITA NA MCHELE

Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, na mchele wa huko uliokuwa ukiliwa pwani ukakatika. Nguo zikaadimika, na chakula kikawa cha mgao. Mwaka 1943 Kenya ikapata upungufu mkubwa wa mahindi. Bei zilipanda kila kukicha, na ujira ukajikokota nyuma. Mwaka 1945 kamati ya Arthur Phillips ilichunguza machafuko ya wafanyakazi Mombasa, lakini kamati haijazi sufuria.

Hapa tuwaombe wasomaji watuelewe vizuri, maana ndiyo shina la jambo. Shida haikuwa bei peke yake. Mshahara wa Mwafrika mjini ulikuwa umepimwa kwa mtu mmoja, kana kwamba hana mke wala mtoto. Waajiri walihesabu kuwa mke na watoto wako shambani, watajilisha kwa jembe lao. Kwa hesabu hiyo familia haikuwepo mjini hata kama ilikuwepo. Aliyemleta mkewe Mombasa aligawa chakula cha mtu mmoja kwa vinywa vitano. Aliyemwacha nyumbani alikaa miaka bila kuwalea wanawe.

SIKU KUMI NA MBILI

Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama. Bandari, reli, hoteli na majumba ya matajiri, kote watu waliacha kazi. Inakadiriwa kuwa wafanyakazi 15,000 hivi waligoma, na wakati huo mji mzima haukufika watu laki moja. Walikutana katika uwanja wa Kiembeni, wakasikilizana bila kujali kabila wala dini. Walidai ujira unaotosha na malipo sawa kwa kazi sawa. Humo ndimo alimoibuka Chege Kibachia, kiongozi wa chama chao kilichoitwa African Workers Federation.

Mgomo ulidumu siku kumi na mbili. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, alikuja kuwashauri warudi kazini huku madai yao yakisikilizwa. Baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker likaundwa, na ujira wa wengi ukaongezwa. Lakini Agosti mwaka huo huo Kibachia alikamatwa, akapelekwa Baringo na kuzuiliwa huko kwa miaka kumi hivi.

Moto haukuishia Mombasa. Septemba 1947 Dar es Salaam nayo iligoma, na mwaka 1948 ikafuata Unguja. Hatimaye mwaka 1954 kamati ya Carpenter nchini Kenya ilipendekeza kwamba mshahara upimwe kwa mtu mwenye familia, si kwa mseja. Lile lililokuwa wazi kwa kila mama wa Majengo liliandikwa kwenye karatasi ya serikali miaka saba baada ya mgomo.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, tunapolalamika bei tusitazame bei tu, tutazame na ujira. Je, yule kijana anayetulindia duka, au binti anayetufulia nyumbani, tunampimia kama mtu mwenye wazazi na wadogo zake, au kama mtu mmoja asiye na kwao? Ni rahisi kuwalaumu waajiri wa 1947 na kufanya hesabu yao ile ile majumbani mwetu.

Pili, wenye nyumba miongoni mwetu wakumbuke kuwa kodi haina budi kulipwa, lakini kupandisha kodi kwa sababu tu mpangaji kaongezwa mshahara ni kumnyang'anya aliyoyapata kwa jasho.

Tatu, wafanyabiashara wetu. Tunajua kuwa Mtume (S.A.W.) alipoombwa kupanga bei sokoni alikataa, akichelea kumdhulumu mtu. Lakini pia alikemea vikali kuficha chakula kukingojea bei ipande. Wengi hushika la kwanza na kulisahau la pili, hasa Ramadhani ikikaribia.

Nanyi wanafunzi, siku mkisikia tena "Mombasa kumepanda," waulizeni wazee wenu: je, na ujira wa mchukuzi wa huko nao umepanda?

Wabillahi tawfiq.