Rangi kama Ushahidi: Ndege za Kivita za Kisovieti, 1941-1945

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha jinsi jambo lionekanalo dogo, yaani rangi iliyopakwa juu ya ndege, linavyomlazimisha mwanahistoria kupima vyanzo vyake.

Chanzo cha kwanza ni nyaraka. Katikati ya mwaka 1941 iliamriwa kwamba ndege za kivita za Kisovieti zipakwe kijani na nyeusi upande wa juu, na samawati upande wa chini. Mwaka 1943 amri nyingine ilileta kijivu cha aina mbili: AMT-11, chenye kuelekea samawati, na AMT-12, kilichokoza. Hata hivyo, amri ni jambo moja na utekelezaji ni jambo jingine. Ndege zilizokwisha kutoka kiwandani ziliendelea kuruka na rangi zao za awali.

Chanzo cha pili ni picha. Nyingi ni za nyeusi na nyeupe. Tena, filamu ya othokromatiki haikuhisi mwanga mwekundu. Kwa hiyo nyekundu hutokea kama nyeusi, na samawati hukaribia weupe. Anayesoma rangi katika picha ya namna hiyo anakisia tu.

Chanzo cha tatu ni mabaki yaliyoopolewa katika maziwa na vinamasi. Hayo hushikika mkononi, lakini nayo yamebadilika: mafuta yaliyomo katika rangi hugeuka manjano kadiri miaka ipitavyo, na samawati huonekana kijani. Isitoshe, Yak-1 iliundwa kwa mbao, kitambaa na metali. Mbao na kitambaa vilipakwa rangi za AMT, zenye asili ya selulosi, ilhali metali ilipakwa rangi za mafuta. Basi kipande kimoja hakiwezi kuisemea ndege nzima.

Lugha nayo ina neno lake. Kirusi hutenganisha *goluboy* na *siniy* kama rangi mbili kamili. Mfasiri aandikaye "buluu" kwa zote mbili amekwisha kupoteza sehemu ya ushahidi.

Kutokana na hayo, hakuna chanzo kinachojitosheleza. Sharti vyote vitatu vihojiwe pamoja. Ndiyo maana mhifadhi wa makumbusho anayekwangua rangi kuukuu ili ndege ing'ae machoni pa wageni hatofautiani na mtunza nyaraka anayechoma hati isiyo na nakala.