Sayuni ya Illinois: Asili ya Kibiblia ya Majina ya Barabara na Bustani za Mji wa Zion

1. Utangulizi

Mtafiti wa majina ya mahali aghalabu huanza kwa kuuliza: jina hili lina maana gani? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Jina laweza kuwa na maana moja katika lugha lilikotoka, na likafanya kazi nyingine kabisa mahali lilipopelekwa. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza pia: nani alilitoa, alilitoa ili kudai nini, na dai hilo lilipokwisha jina lilibaki na kazi gani?

Madhumuni ya makala haya ni kuyachunguza maswali hayo kwa kutumia mfano wa mji mmoja, Zion, ulioko katika jimbo la Illinois, Marekani, kwenye ufuko wa Ziwa Michigan, yapata kilomita 65 kaskazini ya Chicago. Mfano huu unafaa kwa sababu mbili. Kwanza, majina yake hayakuzuka kidogo kidogo kwa mazoea ya wakazi kama yalivyozuka majina mengi ya miji. Yalitolewa kwa pamoja, na mamlaka moja, kutoka kitabu kimoja. Pili, jina la mji huo lilivuka bahari likafika Afrika, na huku likapata maisha ambayo mwasisi wake hakuyakusudia.

2. Mwasisi na mji wake

John Alexander Dowie alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1847. Alihamia Australia pamoja na wazazi wake akiwa kijana, akawa mchungaji huko, kisha akaingia Marekani mwaka 1888. Sifa yake ilitokana na mafundisho ya uponyaji kwa maombi. Aliamini kwamba mgonjwa amtegemee Mungu peke yake, na akawashutumu vikali madaktari na wauza dawa. Mwaka 1896 alianzisha kanisa lake huko Chicago, na katika mkesha wa kuingia mwaka 1900 aliwatangazia wafuasi mpango wa kujenga mji wao wenyewe. Ardhi ya zaidi ya ekari 6,000 ilikuwa imekwisha kupatikana.

Viwanja vilianza kugawanywa Julai 1901. Wakazi hawakuuziwa ardhi, bali walikodishwa kwa hati ya miaka 1,100: miaka 100 ya kungojea marejeo ya Kristo, na 1,000 ya utawala wake. Pombe, tumbaku, nyama ya nguruwe, michezo ya kuigiza na kumbi za dansi vilipigwa marufuku, pamoja na kazi za tabibu na duka la dawa. Ni katika hali hiyo, ambamo hata hati ya kiwanja ilihesabu miaka kwa unabii, ndimo majina ya barabara yalimotolewa. Tukiyatazama nje ya hali hiyo yataonekana mapambo tu.

3. Mpangilio wa majina

Mji ulichorwa kabla ya kujengwa. Katikati iliachwa bustani kubwa, Shiloh Park, na barabara pana za mshazari zikaelekezwa kwake kutoka pembe za mji. Barabara nyingi zinazotoka mashariki kwenda magharibi hutambulishwa kwa nambari. Zile zinazotoka kaskazini kwenda kusini zilipewa majina ya Biblia, isipokuwa mbili: Caledonia, jina la kale la Scotland, na Edina, jina la kishairi la Edinburgh. Kwa hiyo kitabu cha pili ambacho mwasisi alikisoma alipotoa majina kilikuwa kumbukumbu ya kwao. Hata nabii hujenga akiwa na mahali alipozaliwa moyoni.

Majina ya Biblia yaliyobaki twaweza kuyagawa katika mafungu matatu: majina ya watu, kama Elisha, Enoch, Ezekiel, Ezra, Gideon, Deborah na Elizabeth, majina ya milima na nchi, kama Carmel, Hermon, Horeb, Gilboa, Gilead na Galilee, na majina ya miji na vituo vya safari, kama Bethel, Hebron, Elim na Emmaus. Mgawanyo huu ni wa kawaida, nao hautuelezi mengi. Lakini tukiyasoma majina hayo kwa kufuata habari zilizomo katika Biblia, si kwa aina zake, nyuzi tatu zaonekana.

Uzi wa kwanza ni ule wa Eliya. Mwezi Juni 1901, muda mfupi kabla ya viwanja kugawanywa, Dowie alitangaza kwamba yeye ndiye Eliya aliyetabiriwa kuja kurejesha mambo yote. Sasa tutazame majina. Eliya alitoka Gileadi (1 Wafalme 17:1). Aliwashinda manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli (1 Wafalme 18). Alipotishwa alikimbilia Horebu (1 Wafalme 19). Katika safari yake ya mwisho alipita Betheli, akifuatana na Elisha, mrithi wake (2 Wafalme 2). Henoko naye, pamoja na Eliya, ndio wawili ambao Biblia yasema walitwaliwa. Gilead, Carmel, Horeb, Bethel, Elisha na Enoch: majina yote sita yamo katika ramani ya mji. Majina haya yana habari nyingine pia katika Maandiko, na mtu aweza kuyachagua bila kumfikiria Eliya. Hata hivyo, mkazi aliyesikia Jumapili kwamba mchungaji wake ni Eliya, na Jumatatu akapita katika barabara hizo, hakuhitaji kuelezwa mahusiano yake. Hoteli kubwa ya mji iliyofunguliwa mwaka 1902 ilipewa jina la Eliya waziwazi.

Uzi wa pili ni ule wa uponyaji. Bethesda ni birika ambapo wagonjwa walingoja maji yatibuliwe (Yohana 5). Gileadi ni nchi ya zeri. Elim ni kituo chenye chemchemi kumi na mbili ambacho Waisraeli walikifikia baada ya maji machungu ya Mara, na ahadi ya Mungu kwamba ndiye mponyaji imetajwa katika aya inayotangulia mara moja (Kutoka 15:26-27). Kwa jumuiya iliyowakataa matabibu, jina la aina hii lilikuwa mafundisho yaliyoandikwa kwenye kibao cha njia. Lakini Maandiko hayakubali kutumiwa upande mmoja tu. Yeremia, alipouliza habari ya zeri ya Gileadi, aliuliza papo hapo kama huko hakuna tabibu (Yeremia 8:22). Aliyechagua jina alichukua nusu ya aya.

Uzi wa tatu ni ule wa kumiliki na kukaa, nao waonekana hasa katika bustani. Shilo ndipo Waisraeli walipoisimamisha hema ya kukutania baada ya kuishinda nchi (Yoshua 18:1). Ni jina linalofaa bustani ambamo hekalu la mbao la jumuiya lilijengwa. Beulah Park ni jina litokalo katika Isaya 62:4, ambapo nchi ya Sayuni iliyoachwa yaahidiwa kuitwa Beula, yaani aliyeolewa. Shina la neno hilo katika Kiebrania lina maana ya kuoa na pia ya kumiliki. Bustani iliyo ufukweni mwa ziwa huitwa Hosah Park. Hosa ni jina lisilojulikana sana: ni mji ambapo mpaka wa kabila la Asheri ulipinda na kuishia baharini (Yoshua 19:29), na pia ni jina la mmoja wa mabawabu wa zamani za Daudi (1 Mambo ya Nyakati 26:10). Bustani ambapo nchi inakwisha na maji yanaanza imepewa jina la mpaka na la bawabu. Jina kama hilo halitolewi na msomaji wa juu juu.

4. Majina haya katika Biblia ya Kiswahili

Msomaji wa Kiswahili akiyafuata majina haya katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 hukutana na mambo yapasayo kuangaliwa. Mengi hupata irabu mwishoni kwa kufuata silabi za Kiswahili: Betheli, Hebroni, Gileadi, Karmeli, Hermoni, Horebu. Galilee huwa Galilaya, na Enoch huwa Henoko.

Hata hivyo majina matatu yanatuonyesha jinsi tafsiri inavyoweza kukata au kuunga uzi. Elim kwa kanuni hiyo ya irabu imekuwa Elimu, ikalingana kabisa kwa sauti na neno letu la maarifa lenye asili ya Kiarabu. Maneno hayo mawili hayana undugu wowote, lakini msikilizaji asiyeonywa aweza kudhani Waisraeli walipiga kambi penye masomo. Bethesda haipo: watafsiri walifuata nakala za kale zenye Bethzatha, hivyo kanisa au zahanati ya Afrika Mashariki iitwayo Bethesda imelipata jina hilo kwa njia nyingine. Na Shilo ya Mwanzo 49:10, ambayo Biblia ya Kiingereza iliyotumiwa zamani za Dowie ililichukua kama jina na wengi wakalifasiri kuwa la Masihi, katika Kiswahili si jina tena. Watafsiri wameeleza maana, kwamba ni yule mwenye milki. Msomaji wetu ana Shilo ya hema, lakini hana Shilo ya unabii. Mwasisi wa Zion alikuwa nazo zote mbili.

5. Majina baada ya dai kufa

Dowie alipatwa na kiharusi mwaka 1905. Mwaka uliofuata, huku fedha za mji zikiwa zimeharibika, alipinduliwa na msaidizi wake, Wilbur Glenn Voliva, naye alifariki Machi 1907. Voliva, aliyejulikana kwa kufundisha kwamba dunia ni bapa, aliutawala mji kwa miaka mingi hata nguvu zake zikavunjwa na madeni katika miaka ya 1930. Hekalu la Shiloh liliteketea kwa moto mwaka 1937. Mwenye kukumbuka kwamba Yeremia aliwaonya watu waende Shilo wakaone yaliyoipata (Yeremia 7:12) ataona kwamba jina lilikuwa limebeba onyo lake tangu mwanzo.

Mwaka 1991 mahakama ya rufani ya shirikisho iliamua kwamba nembo ya mji, yenye msalaba, njiwa na maneno ya kwamba Mungu anatawala, ilivunja katiba ya Marekani. Nembo ikabadilishwa. Majina ya barabara yalibaki. Hapa pana fundisho kuhusu tabia ya majina. Nembo husema daima, kwa hiyo hupingwa. Jina la njia likitumiwa kila siku huacha kusema, likawa la kuelekeza tu. Kwa wengi katika wakazi zaidi ya 24,000 waliohesabiwa mwaka 2020, Gilboa ni mahali pa kukunja kushoto, wala si mlima alikofia Sauli.

Lipo pia jambo ambalo ramani hailisemi. Nchi hiyo ilikuwa ya Wapotawatomi, nao waliiachia serikali ya Marekani kwa mkataba wa Chicago wa mwaka 1833. Miji ya jirani, Waukegan upande wa kusini na Kenosha upande wa kaskazini, ingali ina majina yenye asili ya lugha za wenyeji. Kati ya majina hayo mawili kumeingizwa Kanaani nzima, na katika Kanaani hiyo hakuna jina hata moja la waliotangulia. Tukikumbuka kwamba katika Biblia Shilo ni hema iliyosimamishwa baada ya nchi kushindwa, tutaona kwamba jina hilo lilieleza zaidi ya lilivyokusudiwa.

6. Jina lililovuka bahari

Gazeti la Dowie lilisomwa Afrika Kusini, na mwaka 1904 mjumbe wake, Daniel Bryant, alikwenda huko akabatiza waumini wa Wakkerstroom, ambako mmisionari P. L. le Roux alikuwa amekwisha kuyapokea mafundisho hayo. Le Roux baadaye alijiunga na Wapentekoste. Waafrika waliokuwa naye hawakuliacha jina la Sayuni. Kutokana na mzizi huo yametokea makanisa mengi ya Kizayuni ya kusini mwa Afrika, na kubwa kati yake ni Zion Christian Church, lililoanzishwa na Engenas Lekganyane mwaka 1924. Makao yake makuu, karibu na Polokwane, huitwa Moria, mlima wa dhabihu ya Ibrahimu na wa hekalu la Sulemani, na mahujaji hukusanyika huko kila Pasaka.

Tofauti ni dhahiri. Huko Illinois jina lilitangulia, watu wakaletwa kulijaza. Huku, watu waliokuwa wakinyang'anywa ardhi yao walijitwalia jina takatifu ili wapate mahali ambapo mtawala hakupatoa. Jambo lililo karibu nalo twaliona Kenya Magharibi, ambako Zakayo Kivuli alianzisha African Israel Church Nineveh mwaka 1942. Ninawi haikuchaguliwa kwa utukufu wake. Ni mji wa mataifa uliotubu. Tofauti na hayo ni Jericho na Jerusalem, mitaa ya Nairobi, ambayo si ya jumuiya yoyote ya kidini. Umbo la majina hayo, lisilo Yeriko wala Yerusalemu, latuonyesha kwamba yalipitia Kiingereza cha ofisi na si Kiswahili cha kanisa.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba majina yaliyotoka kitabu kimoja yaweza kufanya kazi tatu: kumthibitisha kiongozi, kufundisha imani, na kuhalalisha umiliki wa ardhi. Tumeona vilevile kwamba kazi hizo hufa mapema kuliko majina yenyewe. Kwa sababu hiyo mtafiti wa majina ya mahali katika nchi zetu hawezi kutosheka na orodha na tafsiri zake. Vibao vya njia vitamngoja. Wazee wanaojua nani alilitoa jina, katika mkutano gani, na ni jina gani lililoondolewa ili hilo lipate nafasi, hawatamngoja. Kazi ya kwanza basi ni kuwaendea wao.