Kalibu inapobadili mzigo: biashara ya risasi za kuyeyusha kwa bunduki za wenzo

Katika Kiswahili neno ni moja: risasi ni madini mazito ya kijivu, na risasi ndiyo inayotoka kwenye bunduki. Forodha haina utani huo. Risasi ghafi huingia fungu la 7801 la ushuru na chakavu chake fungu la 7802. Ikishamiminwa kwenye kalibu na kutoka na umbo la kichwa cha risasi, inahamia fungu la 9306, pamoja na silaha. Madini hayajabadilika hata chembe, lakini msafirishaji sasa ana mzigo wa kibali.

Soko kubwa la vichwa hivyo ni Marekani, ambako wawindaji wengi hujaza risasi zao wenyewe. Miongoni mwao wamo wenye bunduki za wenzo za mtutu mpana, hasa zinazotumia risasi aina ya .45-70. Risasi hiyo ilianza jeshini mwaka 1873: kipenyo cha karibu inchi 0.45 na greini 70 za baruti nyeusi. Miongoni mwa bunduki za wenzo zilizoitumia ni Winchester ya mwaka 1886, iliyobuniwa na John Browning, na Marlin ya mwaka 1895. Marlin iliirudisha modeli ya jina hilo mwaka 1972. Baada ya Remington, iliyokuwa ikimiliki Marlin, kufilisika mwaka 2020, jina hilo lilinunuliwa na Ruger.

Sababu ya kwanza ya kujaza nyumbani ni bei. Pakiti ya risasi 20 za kiwandani za .45-70 imekuwa ikiuzwa dola 40 au zaidi katika miaka ya karibuni. Kichwa cha greini 405 kina uzito wa gramu 26 hivi, kwa hiyo kilo moja ya madini hutoa vichwa 38. Bei ya risasi kwenye soko la London ikiwa dola 2,000 kwa tani, madini ya kichwa kimoja ni kama senti tano za dola. Ganda la shaba nyeupe hutumika tena mara kadhaa. Kinachobaki kununuliwa ni baruti na fataki, na hapo ndipo wajazaji walipoumia kati ya mwaka 2020 na 2022, fataki zilipoadimika madukani na bei kupanda.

Sababu ya pili ni ya kiufundi. Madini laini yakisukumwa kwa kasi kubwa huacha masalia yaliyoganda ndani ya mtutu na shabaha huharibika. Risasi ya mtutu mpana hupata nguvu kutokana na uzito kuliko kasi, hivyo kichwa cha kuyeyusha kinaifaa vizuri. Kwa kasi ya juu zaidi, kikombe kidogo cha shaba huvalishwa kwenye kitako cha kichwa ili kukilinda na gesi ya moto. Kipenyo nacho ni muhimu: kichwa hufanywa kipana kuliko mtutu kwa elfu moja au mbili za inchi, kizibe vizuri.

Ncha lazima iwe bapa. Katika bunduki hizi risasi hulala kwenye bomba chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Ncha kali na ngumu, pamoja na mtikiso wa mlio, inaweza kulipua bomba zima mkononi mwa mwindaji.

Risasi tupu ni laini mno, hivyo huchanganywa na bati na antimoni. Mchanganyiko unaojulikana kwa jina la Lyman namba 2 una asilimia 90 ya risasi, tano za bati na tano za antimoni. Zamani wayeyushaji waliokota herufi chakavu za mitambo ya Linotype kwenye viwanda vya magazeti, mpaka magazeti yalipoacha uchapaji huo. Kisha wakategemea vipande vya balansi ya magurudumu kutoka gereji. Chanzo hicho nacho kinakauka: Umoja wa Ulaya ulizuia vipande vya risasi kwenye magari mapya mwaka 2005, na California ikapiga marufuku mwaka 2010. Sasa vingi ni vya chuma au zinki. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi na zinki kwenye 420. Joto likizidi, zinki huingia na sufuria nzima huharibika. Mnunuzi wa chakavu anayechambua mapema hupata bei nzuri zaidi.

California pia imezuia uwindaji wowote kwa risasi zenye madini hayo tangu Julai 2019, kwa ajili ya kuwalinda ndege aina ya kondori.

Kwa wasafirishaji, kila sehemu ina daraja lake. Risasi kamili ni UN 0012, daraja la 1.4S. Fataki ni UN 0044, daraja hilohilo. Baruti isiyo na moshi ni UN 0161 ya 1.3C au UN 0509 ya 1.4C, na haipakiwi kiholela na bidhaa nyingine. Mtalii wa uwindaji anayekuja Tanzania kwa ndege anaruhusiwa, kwa idhini ya shirika, kubeba hadi kilo 5 za risasi kamili kwenye mzigo wa chini ya ndege. Baruti na fataki peke yake haziruhusiwi. Kenya ilisitisha uwindaji tangu mwaka 1977, na kote katika nchi hizo mbili kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai.

Betri za magari ni hatari ya peke yake. Wayeyushaji makini wa Marekani hawazigusi, kwa kuwa sahani zake zina asidi na zinaweza kutoa gesi za sumu. Afrika Mashariki inafahamu gharama yake: wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, walipewa fidia ya Sh1.3 bilioni na mahakama mwaka 2020. Mahakama ya Rufani iliifuta mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.