Mungu Hahitaji Uongo Wetu: Habari ya Sergei Nilus
Maandiko ya kusoma: Ayubu 13:7, Hesabu 22:21-35, Warumi 11:17-24



Tulipokuwa wanafunzi wa chuo cha Biblia, fotokopi fulani zilipita mkono kwa mkono. Zilisema kwamba wazee wa Kiyahudi hukutana kwa siri kupanga vita, njaa na benki za dunia nzima, ili kumwandalia Mpinga Kristo kiti. Tuliamini. Wengine wetu tulihubiri maneno yale, na watu wakasema amina. Hakuna aliyeuliza: nani ameandika, na ameyatoa wapi? Leo maneno yaleyale yanatembea katika simu za waamini wetu. Basi tujibu swali ambalo tulipaswa kuuliza siku ile.

Mtu aliyeyaeneza kuliko wengine aliitwa Sergei Nilus. Alizaliwa Urusi mwaka 1862. Alisoma sheria, alikuwa na mashamba, aliishi kwa muda Ufaransa, na mali yake ikaharibika. Baadaye akarudi kwa bidii katika kanisa la Orthodoksi, akakaa karibu na monasteri, akaandika juu ya watakatifu, miujiza na siku za mwisho. Tusimfikirie kama mchawi aliyejificha gizani. Alikuwa mtu wa sala na kufunga. Hapo ndipo sisi watu wa kanisa tunapaswa kuogopa.

Mwaka 1905, katika toleo la pili la kitabu chake juu ya Mpinga Kristo, Nilus aliongeza maandishi yanayoitwa Protokole za Wazee wa Sayuni. Si protokole wanaoonyesha watu viti kanisani! Maana yake ni kumbukumbu za mikutano. Maandishi hayo yalikuwa yameshatokea mwaka 1903 katika gazeti la Pavel Krushevan huko St Petersburg. Krushevan ni yule ambaye gazeti lake lingine lilichochea watu dhidi ya Wayahudi wa mji wa Kishinev, na mwezi wa 4 wa mwaka uleule Wayahudi wengi wakauawa pale.

Nilus aliyapata wapi? Mwaka 1905 alisema mwanamke mmoja aliyaiba kwa mkubwa wa Framasoni huko Ufaransa. Mwaka 1917 akasema ni mpango ambao Theodor Herzl aliwaletea wazee wakati wa mkutano wa Basel, Uswisi, mwaka 1897. Lakini mkutano ule wa Basel ulifanyika wazi, mbele ya waandishi wa habari. Kitabu kimoja, asili mbili. Marko 14:56 inatukumbusha mashahidi waliosimama dhidi ya Bwana wetu: ushahidi wao haukupatana. Dalili ya uongo ni ileile.

Mwaka 1921 siri ikafunuliwa. Philip Graves, mwandishi wa gazeti la The Times la London aliyekuwa Constantinople, alipata kitabu cha zamani cha Kifaransa. Kiliandikwa na Maurice Joly, kikachapwa Ubelgiji mwaka 1864. Joly alikuwa akimcheka na kumshtaki mfalme wa Ufaransa, Napoléon wa Tatu, na kwa ajili hiyo akafungwa gerezani. Hakuwa akisema habari za Wayahudi hata kidogo. Graves alipoweka vitabu viwili sambamba, aliona mafungu mengi yamenakiliwa. Mtu alichukua maneno yaliyosemwa juu ya mfalme mmoja, akayatia kinywani mwa taifa zima. Mwaka 1935 hakimu wa Bern, Uswisi, alisema mahakamani kwamba Protokole ni maandishi ya kughushi.

Je, Nilus hakuwa na shaka? Mfaransa mmoja, Alexandre du Chayla, aliyemtembelea mwaka 1909, aliandika baadaye waliyozungumza. Alimwuliza: na kama maandishi haya ni ya uongo? Nilus akamjibu kwa habari ya punda wa Balaamu: Mungu aliweza kusema kwa kinywa cha mnyama, basi anaweza kutoa kweli hata katika chombo kibaya. Tena Nilus alikuwa na sanduku la vitu alivyokusanya, hata viatu vya mpira, kwa sababu aliona juu yake pembetatu au alama nyingine ambayo kwake ilikuwa muhuri wa Mpinga Kristo. Tusimcheke. Wangapi kati yetu wametafuta 666 katika kila karatasi ya serikali na kila kopo la maziwa?

Lakini turudi kwa punda. Katika Hesabu 22, yule punda hakudanganya. Alimwona malaika mwenye upanga, akageuka pembeni, na alipofunguliwa kinywa alisema kweli tupu. Aliyekuwa kipofu ni nabii. Nilus alisoma habari hiyo kinyume. Na Ayubu aliwauliza rafiki zake swali ambalo kila mhubiri alibebe mfukoni: je, mtasema udanganyifu kwa ajili ya Mungu?

Tazameni matunda. Katika vita vya ndani vya Urusi, maandishi haya yalitembea kati ya askari, na Wayahudi maelfu kwa maelfu waliuawa. Henry Ford, yule wa magari, aliyaeneza Marekani kwa gazeti lake kuanzia 1920. Alipoulizwa juu ya ukweli wake, alijibu kwamba yanalingana na mambo yanayotokea. Mwaka 1927 aliomba msamaha, lakini moto ulikuwa umeshawaka. Hitler aliyasifu, na watu wake waliua Wayahudi karibu milioni 6. Nilus alikufa mwaka 1929, hakuyaona hayo. Mwandishi hufa, uongo wake hubaki.

Sisi wa Kongo tusiseme ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1990 gazeti la Kangura huko Rwanda lilichapa karatasi iliyodaiwa kuwa mpango wa siri wa Watutsi wa kutawala Kivu. Njia ni ileile: karatasi isiyo na baba, taifa zima linashtakiwa, na mtu akiuliza ushahidi, anaambiwa atazame mambo yanayotokea. Tunajua vilio vilivyofuata katika nchi zetu. Mkosaji ashtakiwe kwa jina lake na kwa tendo lake. Kabila lote haliwezi kushtakiwa kwa fotokopi.

Wapendwa, tunaamini kwamba Mpinga Kristo yuko katika Maandiko. Lakini Maandiko hayohayo yanatukataza kumshuhudia jirani uongo, na Paulo anawaonya matawi ya mzeituni mwitu yasijivune juu ya matawi ya asili. Yesu tunayemhubiri alizaliwa na mama Myahudi.

Kwa hiyo, karatasi au ujumbe wa namna hiyo ukikufikia, uliza: Nani ameandika? Amejuaje? Ni mtu anayeshtakiwa, au ni watu wote wa damu moja? Ukikosa jibu, usiutume mbele. Na kama umeshautuma, rudi kwa wale uliowapa, uwaambie umekosea. Sisi tuliohubiri fotokopi zile tumekiri kosa letu mbele ya kanisa, na leo tunakiri mbele yenu.

Bwana atulinde vinywa vyetu. Amina.